Reli mbili zilizonikesheza Nkuhungu

Wote walioniambia "piga Windows tu, kaka" nimewasamehe, ila sijasahau.

Nina kisteshenari hapa Nkuhungu, Dodoma, na kompyuta ya kaunta inatumia Ubuntu 22.04, mfumo wa bure badala ya Windows. Nilinunua kidude cha Wi-Fi cha USB, elfu kumi na tano na ushee, draiva yake (programu ya kukiendesha) nikajua nitaijenga mwenyewe. Kazi ya dakika tano. Nikachomeka simu nipate intaneti, nikaandika sudo apt install build-essential, yaani nikaiambia apt, fundi wa kufunga programu wa Ubuntu, iniletee zana za kujengea programu. Ikagoma: libc6-dev, moja ya zana hizo, inataka libc6 (maktaba ya msingi ya mfumo) 2.35-0ubuntu3, wewe unayo 2.35-0ubuntu3.8. Yaani ninayo mpya, yenyewe inang'ang'ania ya zamani!

Kijana mmoja anayekuja kuprinti kwangu (anasoma kompyuta, ndiyo maana nikamwamini) akasema, "Kaka, zana zivute kwa mkono moja moja, halafu lazimisha na dpkg, ile amri ya kufunga faili lililo tayari kwenye diski." Nikazivuta. Kila niliyoileta ikataka mwenzake, mwenzake akataka binamu, kama umealika mgeni mmoja akaja na ukoo. Nilifikisha vifurushi kumi na kitu, vya programu, maana vya simu vilikuwa vinaisha kwa kasi hiyohiyo. Mwishowe libc6-dev ikaingia kwa --force-depends, yaani funga hata kama inachohitaji hakipo. Nilishangilia mpaka mteja akadhani mkeka wangu umetiki. Nikaja kufunga dkms, zana ya kujengea draiva: haitaki. Kila ninachoomba, naambiwa nianze na apt --fix-broken install. Nikatii. Ikapendekeza kuiondoa libc6-dev ileile! Nikabonyeza Y kwa unyonge wa mtu anayerudishiwa barua ya posa.

Usiku upepo unapiga mabati, vumbi limejaa kwenye kibodi, ndipo nikaandika apt policy libc6, amri ya kuonyesha kila toleo limetoka wapi. Laiti ningeanza na hiyo. Toleo la 3.8, lile lenye nyota tatu kwa kuwa ndilo lililofungwa, lilikuwa na chanzo kimoja tu: /var/lib/dpkg/status, yaani diski yangu mwenyewe. Hakuna ghala la mtandaoni hata moja lililolijua. Chini yake ipo ile ya zamani, kutoka jammy/main (jammy ni jina la utani la Ubuntu 22.04).

Ghala la jammy lenyewe halijabadilika tangu Aprili 2022 Ubuntu hiyo ilipotoka. Marekebisho yote hupitia jammy-updates na jammy-security. Na libc6-dev haina makadirio, inataka libc6 ya namba ileile hadi tarakimu ya mwisho. Sasa nani kazima updates?

Nikafungua /etc/apt/sources.list, orodha ya maghala. Mistari ya updates na security imewekewa reli mbele ili apt isiisome, # ileile tunayomalizia nayo kuangalia salio. Na juu yake maneno yangu mwenyewe: "bando! rudisha kesho". Kesho hiyo ilikuwa na miezi saba.

Nikafuta reli. Apt update ikalalamika faili lina ukubwa usiotarajiwa, labda seva ya nakala inasawazishwa. Hapo usilazimishe kitu, ndugu yangu. Ni ghala limekutwa katikati ya kupanga mzigo. Nikanywa chai, nikarudi baada ya saa moja, ikapita. Ingegoma tena ningehamia archive.ubuntu.com. Build-essential ikaingia bila swali, na Wi-Fi ikawaka.

Asubuhi kijana akapita. "Umeona kaka, si ulilazimisha ikakubali?"

Nikamwambia ndiyo.