Kitobero ndani ya sufuria ya wote: ninavyomlisha mtoto wa mwaka mmoja kwa sigiri moja

Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, karibu nusu ya kikombe cha Tumpeco, kile cha nusu lita. Ukilijaza uji unaotiririka kama chai, umemshibisha maji. Atalala kidogo, ataamka analia, na jaja, yaani bibi, atasema maziwa ya mama yameisha nguvu. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haikuwa kutafuta unga wa ajabu dukani. Ilikuwa kupunguza maji.

Tuko Busia, upande wa Uganda. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine mwaka 1 na miezi 2. Sigiri ni moja, friji hakuna. Kupika chakula cha mtoto peke yake mara tatu kwa siku ni mkaa na muda ambao sina, na ndiyo sababu nyumba nyingi huishia kwenye uji asubuhi, mchana na jioni. Kilichotuokoa ni kitobero, ila kilichopikwa ndani ya sufuria ya watu wote, na vitu vyake vikavu vikiwa vimeandaliwa mapema.

Kitobero wengi wanakijua kutoka kliniki. Ni neno la Kiganda la chakula kilichochanganywa, na wauguzi wa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, wamewafundisha kina mama kwa miaka mingi: chakula cha nguvu, cha kujenga mwili kutoka kwenye mimea, cha kujenga mwili kutoka kwa mnyama au samaki, na mboga za majani, vyote katika jani moja la mgomba. Buganda chakula cha nguvu huwa matoke. Kwetu matoke huletwa kutoka mbali na bei hupanda bila taarifa, kwa hiyo natumia viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile ambavyo rangi yake ni dalili ya vitamini A. Vyeupe vinashibisha, lakini hiyo vitamini havina ya kutosha.

Mukene, dagaa wadogo ambao wenzetu ng'ambo ya mpaka huwaita omena, ndio nyama yetu ya kila siku. Shida yao ni mchanga. Wengi huanikwa chini ufukweni, na mchanga huo ukiingia kwenye chakula cha mtoto atatema mlo mzima, na kesho akinusa harufu tu atafunga mdomo. Sokoni tafuta walioanikwa kwenye vichanja. Muuzaji akiapa kuwa wake ni wa vichanja, usibishane naye. Omba beseni la maji, tia kiganja kimoja, koroga, kisha pitisha kidole ndani, chini kabisa ya beseni: kama kuna mchanga utausikia hapo.

Tumpeco moja ya mukene wakavu hututosha karibu wiki mbili. Natoa vichwa, kwa sababu mchanga hukwama kwenye mashavu na uchungu mwingi uko hapo na tumboni. Mifupa naiacha, ndiyo yenye kalsiamu. Naosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, haraka haraka, bila kuwaloweka. Kisha nawaanika juani saa moja au mbili chini ya kipande cha chandarua kuukuu, kwa ajili ya nzi. Halafu nawakaanga bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikigeuza kwa dakika kama 10 mpaka wavunjike kwa vidole. Wakivutika badala ya kuvunjika bado wana maji, na unga wake utaota ukungu ndani ya kopo. Wakigeuka kahawia iliyokolea, umeunguza, na uchungu huo hautoki. Natwanga kwenye kinu, nachekecha kwa chujio la chai, makapi yanarudi kinuni. Unga unakaa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, wiki mbili tu. Ukizidi hapo, mafuta ya samaki huchacha na harufu yake hukaribia ya rangi ya ukutani.

Karanga sinunui zilizosagwa tayari. Nanunua punje, nazimwaga kwenye ungo na kuchambua moja moja: iliyosinyaa, yenye doa jeusi, yenye ukungu au iliyobadilika rangi inatoka. Kazi hii inachosha, na kuna siku hutamani kuiruka. Lakini sumu ya ukungu, aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na karanga ikishasagwa huwezi tena kuona kilichoingia. Zilizobaki nazikaanga kidogo na kuzitwanga, nazo kwa wiki mbili tu. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo kabisa, hata huyu wangu wa miaka 4 hapewi, kwa kuwa humpalia na kuziba njia ya hewa.

Maharagwe ndiyo huharibu kitobero cha wengi. Mafundisho ya zamani husema loweka usiku, menya, funga mabichi pamoja na viazi. Hiyo inawezekana kama utachochea mkaa kwa saa mbili tatu. Ukitoa mapema, viazi vimelainika lakini haragwe lina moyo mgumu, na maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Mvuke wa polepole hautoshi kuiua. Mimi naloweka jioni, asubuhi namwaga yale maji, nabinya punje kwa vidole na ganda linateleza lenyewe. Kisha nachemsha kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, na kuendelea mpaka punje isagike ulimini. Yaliyomenywa hayamalizi saa moja. Nachemsha ya siku hiyo tu. Kwa kuwa familia nayo inakula maharagwe, nachota ya mtoto kabla ya chumvi na kitunguu kuingia.

Sasa sufuria. Kipimo cha mlo mmoja kwa mtoto wa mwaka mmoja ni hiki: kiazi kimoja cha ukubwa wa ngumi yangu, kimemenywa na kukatwa vipande vidogo, vijiko vitatu vya kulia vya maharagwe yaliyoiva, kijiko kimoja cha kulia, kilichosawazishwa, cha unga wa mukene, kijiko kimoja cha karanga zilizotwangwa, kiganja cha mchicha, yaani dodo, uliokatwa laini, na maji vijiko vitatu au vinne. Vijiko, si vikombe. Kiazi kina maji yake. Mafuta siongezi, karanga zinatosha, na mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kuichukua vitamini A ya kiazi.

Siku ya mapumziko nafunga kwa jani la mgomba. Jani hubabuliwa kwanza juu ya makaa mpaka ling'ae na kulegea, la sivyo linapasuka kwenye mkunjo na maji ya sufuria yanaingia. Siku za kazi natumia kikombe cha bati chenye mdomo mpana, nakifunika kwa kipande cha jani na kukifunga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria kubwa napanga nyuti za majani ya mgomba, ile mishipa migumu ya katikati, namwaga maji yapite juu yake kwa vidole viwili, nasimamisha kikombe katikati, kisha viazi vya familia vinakizunguka na majani yanafunika juu. Naanza saa 5 asubuhi. Baada ya dakika 45 hivi nachoma kiazi cha kikombeni kwa uma. Kikikubali, natia mchicha na kufunika tena dakika 10. Ukiutia mchicha tangu mwanzo hugeuka rangi ya udongo na kupoteza vitamini nyingi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda kikombe: jani likishafunguliwa halifungiki vizuri tena.

Makosa niliyoyaona zaidi ni mawili. Moja, kikombe kujazwa mpaka ukingoni. Chakula kinafura, jani linainuka, maji ya sufuria yanachuruzika ndani na unapata supu. Acha nafasi ya vidole viwili. La pili, maji ya sufuria kukauka bila mtu kujua, viazi vya chini vikaungua na moshi ukaingia kwenye chakula cha mtoto. Sikiliza sufuria. Inapotokota hunguruma, na ikinyamaza ongeza maji ya moto pembeni. Ya baridi yatakurudisha nyuma robo saa.

Kusaga kunategemea umri. Miezi 6 hadi 8 naponda mpaka laini na kupitisha kwenye chujio, nikimwanzishia vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku na kupanda taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kila chakula kipya kinaingia peke yake, nangoja siku mbili tatu kuona kama kuna vipele au kuharisha, ndipo kinachanganywa. Kuanzia miezi 9 naacha mabonge madogo. Akifika mwaka, uma tu unatosha, na kikombe kizima cha mililita 250 mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Mtoto aliyelainishiwa kila kitu mpaka mwaka mmoja na nusu hukataa mabonge, halafu nyumba nzima inasema ana kiburi. Ziwa la mama linaendelea muda wote huo, miaka 2 au zaidi.

Uji haujafukuzwa nyumbani. Ni wa asubuhi, wa wimbi, vijiko vitatu vya kulia vilivyojaa kwa mililita 250 za maji na maziwa. Ukigeuza kijiko uji unatakiwa kudondoka kwa mafungu. Mtoto akishindwa kuumeza kwa uzito, kimea husaidia kuliko maji: loweka wimbi usiku mmoja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili mpaka liote, anika likauke, saga. Uji mzito uutoe motoni, ungoja mpaka mkono uweze kushika kikombe, tia nusu kijiko cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache unalegea ingawa hujaongeza tone la maji. Urudishe motoni utokote kidogo, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu. Ukikitia kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi, joto limeshakiua.

Unga wa dukani wenye kila kitu, mahindi, soya, mukene na karanga, siununui. Soya isiyopikwa ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, hivyo hutakiwa kuchemshwa kama nusu saa na kukaushwa kabla ya kusagwa, na kwenye pakiti huwezi kujua kama hilo lilifanyika. Karanga na samaki nazo huuchachusha unga mapema. Jikoni kwangu kila kitu kina chupa yake na kinapikwa kwa muda wake.

Chai hapati. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na kikombe cha chai ya maziwa baada ya maharagwe kinafuta sehemu ya kazi uliyoifanya tangu jioni. Badala yake napondea nyanya mbivu juu ya chakula, au kipande cha chungwa baadaye. Vitamini C inavuta chuma. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Yai namchemshia likaive kabisa, ingawa wapo wanaosema mtoto anayekula mayai huchelewa kusema. Wa miaka 4 alianza mayai akiwa na miezi 7, na sasa hanyamazi.

Sahani yake ni yake. Kwenye sinia la pamoja mkubwa anamaliza samaki na wewe unadhani mdogo ndiye aliyekula. Nakaa naye nusu saa, namsemesha, akigeuza uso nangoja kidogo na kujaribu tena. Simshiki pua wala kumsukumia. Kilichobaki sahanini hakihifadhiwi. Cha jioni ambacho hakijaguswa nakiacha ndani ya kikombe kilichofunikwa juu ya makaa yanayofifia, kibaki cha moto. Kikishapoa na kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto letu, anapewa kuku.

Akiugua hamu hupotea, basi nampa kidogo kidogo mara sita saba kwa siku na kunyonya zaidi. Akipona naongeza mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, maana hapo ndipo uzito hurudi. Mwezi wa 4 na wa 10 nampeleka kupata vitamini A na dawa ya minyoo, na mhudumu wa kijiji akipita na utepe wa mkono naomba ampime: kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni onyo, na chini ya 11.5 ni nyekundu, ambayo si ya kutibu kwa kitobero bali kwa kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Siku ya safari, ya kwenda Tororo au kukaa foleni ya kliniki, sibebi chakula kilichopikwa. Nabeba bogoya, yaani ndizi tamu, mbili zilizoiva, parachichi moja, yai la kuchemsha ndani ya ganda lake, kijiko, bakuli na chupa ya maji ya kunawa. Vyakula hivyo vyote vimefungwa na ngozi yake mwenyewe, na vinapondwa pale pale mtoto akiwa mapajani.