Nilivyotoka na mwavuli kuyafuata maji shambani kwangu Mwandiga, Kigoma

Niliambiwa dawa ya shamba la mteremko ni mtaro. Uchimbe mmoja tu, mnyoofu, kutoka juu mpaka chini, maji yapite upesi yaende zake. Aliyenishauri ni mzee ninayemheshimu, jirani wa upande wa juu, nami nikachimba. Baada ya misimu miwili mtaro ule ulikuwa korongo la kunifika kiunoni, na udongo wangu mwekundu ulikuwa umelala uani kwa dada anayekaa chini yangu. Kila mvua ikikatika alikuwa anautoa kwa koleo. Aliniambia mara moja tu, kwa upole, "Mama, shamba lako linahamia kwangu." Sikulala usiku ule.

Hapo ndipo nilipojiunga na kozi ya pamakacha, yaani kilimo cha kudumu kinachofuata maumbile, iliyoletwa na kikundi cha akina mama na vijana wa kijiji cha jirani. Wapo waliocheka hilo neno. Lilibuniwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, kwa kuunganisha neno la Kiingereza la kudumu na lile la kilimo. Kozi kamili ya usanifu wake kwa kawaida ni saa 72, na sisi tulizigawa Jumamosi 12, saa sita sita, chini ya mwembe. Mchango ulikuwa kama elfu thelathini, na ukiongeza bodaboda na chai, sijui, labda hamsini au sitini. Nililipa kidogo kidogo.

Nilitegemea tutaanza na mbegu. Jumamosi mbili zikapita hatujagusa jembe. Mwezeshaji wetu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akatupa kazi ya nyumbani: mvua kubwa ikinyesha, toka nje, yafuate maji. Mvua za huku huanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo hatukusubiri sana. Nikavaa mabuti, nikachukua mwavuli, watoto wakabaki mlangoni wananitazama.

Nilichokiona siku ile kilinibadilisha. Maji yaliyokuwa yakinimaliza hayakuanzia shambani kwangu. Yalitoka sehemu tatu: kwenye njia ya miguu iliyo juu, kwenye bati la nyumba yangu mwenyewe, na kwenye kijinjia nilichokizoeza mimi kwa kupita kila siku kwenda kuchuma mchicha. Na palikuwa na mahali ambapo yalisimama kabisa. Chini ya michikichi sita aliyoniachia baba, pale makuti ya zamani yalipodondokea na kuozeana, maji yalifika yakazama, hayakutoka tena. Nilisimama pale mpaka mvua ikakatika. Miaka yote nilikuwa nayakusanya yale makuti na kuyachoma moto, kwa sababu nilifundishwa shamba safi ndiyo shamba.

Sasa tatizo langu ni kwamba sina subira. Jumamosi ya nne tulifundishwa kwamba maji ya mteremko hukingwa kwa mitaro ya kukata mteremko, ikifuata usawa wa ardhi, udongo ukitupwa upande wa chini uwe tuta. Ndiyo mitaro inayoitwa fanya chini. Kupima usawa kulikuwa somo la wiki inayofuata, lakini mimi nikaona macho yangu yanatosha. Nikamlipa kijana mmoja, tukachimba mita ishirini, kina nusu mita. Ulikuwa mtaro mzuri, umenyooka. Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku, maji yote yakakimbilia ncha moja, tuta likapasuka, na lile bonge la tope likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa yule dada. Alfajiri nilikwenda na koleo langu, tukalitoa pamoja.

Kwa hiyo nikianza kuisifu fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, mnivumilie. Ni miti miwili ya urefu wa mita mbili hivi iliyofungwa pamoja juu, na wa tatu umekatiza katikati. Juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Watu wengi huishia hapo, wakaweka alama katikati ya ule mti wa kukatiza kwa kukadiria, kisha wanalaumu fremu. Ujanja uko hivi: piga vigingi viwili ardhini, simamisha fremu juu yake, weka alama kamba inapokatiza. Kisha igeuze, mguu wa kushoto uende kulia, na uweke alama ya pili. Usawa wa kweli ni kamba ikilala katikati ya alama hizo mbili, hata kama miti yako imepinda. Mimi jiwe nilibadilisha, nikaweka chupa ya maji iliyojaa mchanga, maana upepo unaotoka ziwani ulikuwa unalichezea jiwe. Na pima asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka.

Ule mtaro wangu wa macho nilipoupima, ncha moja ilikuwa chini kuliko nyingine kwa zaidi ya shibiri mbili. Mimi ningeapa umelala sawa.

Tukachimba minne mipya. Kila mmoja una mlango wa maji uliopangwa mawe, ili ukijaa, maji yatoke ninapotaka mimi. Hilo usiliache hata ukiwa umechoka. Juu ya matuta nilipanda majani ya mabingobingo na mbaazi. Korongo nalikata kwa vizuizi vya mawe na linajaa taratibu.

Mboji ilinisumbua kidogo. Nilisikia utumbo wa samaki una nguvu, nikaleta ndoo mbili za utumbo wa migebuka kutoka mwaloni Kibirizi nikautia kwenye lundo. Mbwa wa mtaa mzima walilifumua usiku mmoja. Sasa naufukia shimoni, kina cha nusu mita na zaidi, na juu napanda mgomba. Matandazo nayapata bure kwa wanaokamua mawese, wananigawia makapi wasiyoyahitaji.

Mchicha niliusogeza mlangoni kwa jiko, matembele yakaenda yanakomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Unachokichuma kila siku kikae karibu na mguu wako. Siku tulipochorewa tabaka za mimea, mirefu juu, ya kati, inayotambaa chini, nilimwona bibi yangu wa Kalinzi na migomba yake, kahawa chini yake, maharage na magimbi. Nilimwambia mwezeshaji, naye akaniomba nisimame niwaeleze wenzangu. Nilieleza karibu nusu saa, na siku ya mwisho ya kozi ramani ya shamba langu, kwenye karatasi ya manila, niliichora nikimfuata bibi.

Msimu uliopita, baada ya mvua kubwa, mitaro ililala imejaa na kufikia kesho yake jioni maji yote yalikuwa yamezama. Uani kwa yule dada hapakufika tope hata koleo moja. Amepanda maua pale.

Mzee wa juu naye alichimba mtaro mnyoofu kama ule alionishauri, na sasa umefika msingi wa choo chake. Jumamosi napeleka fremu yangu kwake. Vigingi vya kupigia ameshachonga.