Bastola ya mbao, magazini ya kweli

Alisimama mlangoni na viatu vyake, mazoezi yakielekea mwisho, akangoja watoto wainame na kuagana. Ni baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mlinzi wa usiku kwenye depo. Akaniambia: "Mama Mwalimu, samahani. Hii judo yenu naipenda. Lakini mtu akiingia hapa na kalash, huyu mtoto atamshika kola?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipokuwa nateremka Kadutu, hapa Bukavu, na mfuko wa kimono begani ndipo nikaona kwamba sijamjibu.

Na hakuja na swali tupu. Alitaka nimpe saa moja kila Jumamosi, bure, awafundishe wale wakubwa kushika bunduki, kuifungua na kulenga. Bunduki ya mbao, alisema, ataichonga mwenyewe. Wajue tu.

Kwa ambao hawanifahamu: mimi ni mshonaji. Mchana nashona sare za shule, jioni tatu kwa juma nafundisha judo. Kimono za watoto nazishona mwenyewe kwa amerikani, nikizidisha tabaka kwenye kola. Tatami zetu, yaani mikeka ya kuangukia, ni magunia ya maranda ya mbao yaliyofunikwa turubai, na mvua ya Bukavu ikinyesha siku nne mfululizo yananuka kama zizi. Ndiyo klabu yetu.

Sasa niseme jambo ambalo hata wazazi wengi hawalijui: bastola imo ndani ya judo tayari. Mwaka 1956 Kodokan, makao ya judo kule Tokyo, ilitoa kata, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa, ya kujilinda, iitwayo Goshin Jutsu. Ina mbinu 21. Kumi na mbili ni za mshambuliaji asiye na silaha, kisha tatu za kisu, tatu za fimbo, na tatu za mwisho za bastola. Mimi niliisoma. Seremala alinichongea bastola ya mkaratusi, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu, na kwa miaka kadhaa kila sherehe tuliyoalikwa nilikuwa naionyesha. Mwenzangu ananigusa nayo tumboni, nainua mikono, nazungusha kiuno, nashika, napinda mkono, bastola imekuwa yangu. Ukumbi unasimama. Akina mama wanapiga vigelegele.

Lakini tazama yule mtu wa kwenye kata alivyo mwema. Yuko peke yake. Amesogea mpaka silaha yake inanigusa, na ni silaha ndogo, anaishika kwa mkono mmoja. Anataka kitu, kwa hiyo ananisubiri. Wanaotuingilia usiku hapa kwetu huja watatu, wanne, mmoja anabaki nje ya mlango. Wana kalash yenye urefu wa sentimita 87 hivi, mkanda wake umepita shingoni. Uishike wapi, uipinde wapi, na yule wa mlangoni anakuangalia?

Kijana anayenisaidia kufundisha, mwanafunzi wa historia, yeye alikuwa upande wa mlinzi. Akaniambia Wajapani wenyewe hawakuona aibu. Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 na bunduki zao, Wajapani wakazinunua, wakazitengeneza za kwao, na kufyatua bunduki kukawa sanaa yenye walimu na mitindo yake, hojutsu, sawa na upanga na upinde. "Sasa dada, nani amesema sanaa za kupigana ni mikono tu?" Hapo alinibana. Akaongeza habari ya Dennis Tueller, polisi wa Marekani, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia yadi 7, yaani zaidi kidogo ya mita 6, kwa sekunde moja na nusu hivi, na kumfikia polisi ambaye bastola bado iko kiunoni. Tulipima ukumbini. Watoto walifurahia sana kukimbia. Ila mwizi wetu silaha yake haiweki kiunoni.

Ningekuwa nimebaki hapo na mizaha hiyo kama si yule kijana wa miaka kumi na tatu.

Ilikuwa baada ya Februari 2025. Anayekaa Bukavu anajua siku zile: jeshi limeondoka, wengine hawajaingia, maduka yanavunjwa, silaha zimetupwa hata njiani, na watoto wanaziokota kama maparachichi yaliyoanguka. Sitaandika zaidi ya hapo. Tulipofungua tena klabu, huyo kijana akatoa kimono kwenye mfuko wa shule, na chini ya kimono kukawa na magazini iliyojaa risasi. Akaipanga kwa adabu kando ya viatu vyake, kama mtu anayeweka daftari.

Nikafanya nini, mimi mwenye mkanda mweusi? Niliinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Sikujua kama inaweza kulipuka peke yake. Nikaifunika na ndoo. Miaka yote ile nimenyang'anya bastola ya mkaratusi mbele ya watu, na kitu chenyewe sikujua hata kukiweka chini. Nikamtuma mtoto akimbie kumwita yule mlinzi.

Alikuja, akaondoa ndoo, akaitazama, akaniambia magazini peke yake haifyatuki, nitulie. Akaifunga katika kitambaa. Ndipo akanieleza amejifunzia wapi. Mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa kadogo, askari mtoto.

Mtu huyo ndiye anayetaka kuwafundisha wanangu kulenga. Na si mtu mbaya. Kwa hesabu yake, aliyekufa mapema miongoni mwa wenzake ni yule asiyejua. Kwa hesabu yangu, aliyechukuliwa mapema ni yule anayejua. Hapa kijana anayejua bunduki habari zake hutembea kuliko yeye. Wanaotafuta watu wa kubeba silaha huwa hawakosi. Na klabu inayosemekana inafundisha bunduki, hata ya mbao, itaitwa kambi na yeyote atakayekuwa ameshika mji siku hiyo. Nitamweleza nani kwamba tulikuwa tunacheza? Marekani, ambako mtu anainunua dukani na kuiweka kabatini, naelewa mwalimu akisema aliye nayo lazima afundishwe, tena vizuri. Wanafunzi wangu hawana kabati.

Halafu kuna jambo la judo yenyewe. Chochote ninachofundisha, mtoto anakijaribu jioni ileile kwa rafiki yake, kwa nguvu zote, na rafiki anainuka. Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882 alitoa kwenye mazoezi huru yale yanayovunja, ili watu waweze kupambana kweli kila siku. Na kabla ya kumwangusha mtu tunakufundisha kuanguka. Miezi mizima, kuanguka tu.

Ndivyo nilivyompa ile Jumamosi. Bila bunduki, hata ya mbao. Nilimwambia: nifundishie watoto "kuanguka" kwa bunduki, yaani namna ya kuiepuka.

Alikuja na buti, akasimama kwenye saruji, hakukanyaga tatami. Watoto walitarajia hadithi za vita, yeye akaanza na mlio. Ukisikia, usikimbilie dirishani. Lala. Mimi nikaongeza hesabu kwamba risasi ya kalash inatoka na mwendo wa mita 700 na kitu kwa sekunde, sauti 340 tu, kwa hiyo uliyoisikia imeshakupita; akaniangalia kama mtu aliyekatizwa na redio. Akaendelea: ubao hauzuii, bati halizuii, lala nyuma ya msingi wa mawe, chini kabisa. Tukafanya ukemi zetu, yaani mbinu za kuanguka, ila badala ya kuinuka watoto wakabaki wamelala, wakatambaa hadi ukutani. Kisha: kitu cha chuma usichokijua usikiokote, usikipige teke, mwite mtu mzima. Na bunduki iliyotolewa magazini bado inaweza kuwa na moja ndani. Kila bunduki imejaa, siku zote, hata ukiambiwa haina kitu. Hilo sikulijua. Nimelijua nikiwa na miaka arobaini na moja, nimekaa chini pamoja na watoto.

Msichana mmoja akainua mkono. "Papa, wewe ulishawahi kupiga mtu?"

"Swali lingine," akasema.

Halikupatikana. Tukainama, tukaagana.

Kuhusu bunduki ya mbao bado hatujaelewana. Juzi alirudia ombi lake, nikarudia hapana. Akakaa kidogo, akauliza kama mgongo wa mtu wa umri wake unaweza kujifunza kuanguka. Nimempima mabega palepale. Itabidi ninunue mita moja zaidi ya amerikani.