Siku moja maishani mwangu: ramani, ploti na maji kupwa Lamu

Saa 11 alfajiri. Naswali, nanywa chai kwa mahamri, nakunja ramani. Kazi yangu ni kupanga matumizi ya ardhi: wapi pajengwe nyumba, wapi papite barabara, na watu wanaoongezeka watakaa wapi.

Saa 1 asubuhi. Kwanza mtaa wa Langoni, hapa mjini Lamu. Punda wawili waliobebeshwa mawe wanakuja, najibanza mlangoni wapite. Mji huu, ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha punda na mtu, na hapa hatupanui kitu. Ndiyo maana kila familia mpya inatazama Shela, kijiji jirani hapa kisiwani, au inatazama bara. Shela inanitia hofu: maji yetu ya kunywa yanatoka kwenye visima vya chini ya yale machuguu ya mchanga, na nyumba zinazidi kuyasogelea.

Saa 4. Gatini, nivuke kwenda Mokowe, upande wa bara. Leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na sasa yamekupwa kabisa. Boti iko chini huko, na vidato vya mwisho vya ngazi vimeota mwani. Mama mjamzito anateremshwa na vijana wawili, mmoja kila mkono, kiatu chake kimoja kimebaki juu. Nasimama mpaka akae. Naandika: hakuna pa kushika, hakuna kivuli cha kusubiria. Tukizungumzia usafiri vikaoni, tunataja lami ya kutoka Garsen na Witu. Mkondo huu, unaovukwa na wagonjwa, wanafunzi na magunia ya unga, haupewi hata mstari.

Saa 6 mchana. Hindi, mji mdogo wa bara. Hapa ndipo bandari mpya ya Lamu inapohisiwa. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na mpango mzima ni wa gati 32. Lakini watu hawakungoja meli. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 kaunti nzima ya Lamu. Ya 2019 ikahesabu 143,920. Mashamba ya mikorosho yanakatwa ploti za futi hamsini kwa mia.

Mzee mmoja amekwisha kulikata lake, vigingi vimesimama. Njia aliyoacha katikati haifiki mita 4.

"Shikamoo, mzee. Gari la wagonjwa litapita wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kila futi ya njia ni futi nisiyoiuza."

Simlaumu. Hatimiliki aliisubiri miaka na miaka, na anasomesha wajukuu. Namwomba anishikie ncha ya futikamba. Tunaivuta mita 9, nachora mstari kwa kisigino mchangani, halafu nasimama upande mmoja, naye upande wa pili. Namwambia hapo kati ndipo pa mtaro wa maji ya mvua, bomba na nguzo za stima; pasipoachwa leo, kesho kutwa majirani watavunjiana kuta. Anatazama mstari muda mrefu. "Ngoja nizungumze na wanangu Ijumaa, baada ya swala."

Saa 9. Ofisini, faili. Zinapita haraka, ila moja ya nyumba za kupangisha imekuja bila choo hata kimoja kwenye mchoro. Nimeirudisha.

Saa 11 jioni. Narudi kisiwani. Maji yamejaa, boti iko sawa na gati, na ngazi za asubuhi zimezama hazionekani. Bibi mmoja anashuka peke yake na kikapu chake cha maembe. Mgeni akija saa hizi ataapa kwamba gati yetu haina tatizo.

Saa 3 usiku. Natandaza ramani mezani. Nachukua kalamu ile ile niliyochorea barabara ya lami, navuta mstari kutoka Lamu hadi Mokowe, unene ule ule. Pembeni naandika saa za kujaa na za kupwa. Kesho kuna kikao cha wananchi. Naipeleka hivi hivi.