Fremu ndani ya fremu: wapi watu hukosea

Anayekabidhiwa tovuti ya zamani iliyojengwa kwa fremu, yaani dirisha lililogawanywa vipande, kila kipande kikionyesha faili lake, hufungua index.html akakuta hamna maandishi hata kidogo. Hakijapotea kitu. Faili lile ni kuta tu. Vyumba vimo kwenye mafaili mengine. Tuseme ni tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar: jina juu, menyu kushoto, na kulia kurasa za vyumba, bei na saa za maji kujaa na kupwa.

Mkato wa kwanza ndio unaoamua sura. Ukitaka jina lienee upana mzima, gawa mlalo kwanza (rows), kisha sehemu ya chini uigawe wima (cols), kila mgawanyo ukiwa frameset yake:

```
<frameset rows="80,*">
  <frame src="jina.html" name="jina" scrolling="no">
  <frameset cols="200,*">
    <frame src="menyu.html" name="menyu">
    <frame src="karibu.html" name="kati">
  </frameset>
</frameset>
```

80 ni pikseli, nyota ni kilichobaki. Ukianza na cols, menyu itapanda hadi juu na jina litabanwa kulia. Kila mgawanyo uachie nyota moja, la sivyo kivinjari kitavinyoosha au kuvibana vipimo vyako mpaka vijaze dirisha. Na usiweke tagi ya body: ikitangulia, au hata neno moja tu likitangulia, fremu zote hupuuzwa.

Lakini makosa mengi yamo kwenye viungo. Mtu anabonyeza "Bei", na bei zinafunguka ndani ya kile kijia cha pikseli 200, menyu yenyewe imetoweka. Kiungo hakikuambiwa kiende wapi. Dawa ni mstari mmoja ndani ya head ya menyu.html: `<base target="kati">`. Ukikosea jina, ukaandika "katii", kivinjari hakitalalamika. Kitafungua dirisha jipya. Viungo vya nje vipe `target="_top"`, inayofungua kwenye dirisha zima, kwani tovuti nyingi hukataa kuonyeshwa ndani ya fremu ya mwingine, na mgeni ataona eneo tupu au ujumbe wa kosa.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wazoefu. Target nyingine ni `_parent`, yaani kile kinachoibeba fremu. Katika faili moja kama hilo hapo juu, `_parent` ni dirisha zima, ingawa frameset mbili zimeingiana. Ukiutoa mgawanyo wa chini ukauweka kwenye faili lake, chini.html, hapo `_parent` itabadilisha sehemu ya chini peke yake na jina litabaki juu. Kabla ya kugusa kiungo, angalia kwanza mafaili ni mangapi.

Kazi mpya usiijenge hivi. Fremu zilikuja na Netscape Navigator 2.0 mwaka 1996, zikaingia HTML 4.0 mwaka 1997, na HTML5 ikaiacha frameset, japo vivinjari bado huionyesha. Anuani haibadiliki mgeni anapohama ukurasa, kwa hiyo hawezi kumtumia mwenzake kiungo cha bei kwa WhatsApp. Na anayekuja kutoka Google huangukia bei.html tupu, haina menyu. Kwenye simu ya upana wa 360, menyu ya 200 inaacha 160.

Sura ile ile hupatikana kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa: `display:grid; grid-template-columns:200px 1fr`, jina ulipe `grid-column:1 / -1`, na chini ya pikseli 600 ubaki na safu moja.

Iframe moja, yaani fremu inayopachikwa ndani ya ukurasa wa kawaida, hata hivyo, ina kazi yake hapa: jedwali la maji kujaa na kupwa. Jambiani bahari hupwa mbali, na mgeni anataka kujua saa ya kuogelea. Saa hizo husogea kama dakika 50 kila siku, basi jedwali huandikwa upya kila mwezi. Likikaa peke yake katika maji.html, anayelibadilisha haligusi faili jingine. Angalia urefu tu: iframe hairefuki yenyewe. Mistari 31 ya pikseli 28 ni 868, na kichwa cha jedwali juu yake. Ukiweka height ya 420, siku za nusu ya pili ya mwezi hazionekani mpaka mtu asogeze ndani ya kile kisanduku, na kwenye simu wengi hawajui kama kinasogezwa. Weka 920.