Picha ipo, kalamu imegoma
Wachoraji wa kompyuta za Mac, mkipandisha mfumo kwenda toleo jipya halafu skrini ya kuchorea ikaanza visa, msikimbilie Kariakoo kununua waya. Yangu picha ilikuwa safi, ila ukigusa na kalamu, kimya. Picha inapita waya wa HDMI, kalamu inapita waya wa USB, kwa hiyo kimoja kinaweza kugoma kingine kikadunda. Fundi mmoja Sinza akasema eti kioo kimeungua. Kioo gani, na picha naiona! Nikafuta draiva ya zamani (programu inayoifanya Mac ielewe kalamu), nikaweka mpya, nikazima na kuwasha. Wapi! Kumbe ni ruhusa: kwenye mipangilio ya faragha, draiva ilionekana imeruhusiwa, lakini ni ruhusa ya ile ya zamani. Nikaiondoa kabisa kwenye orodha, nikaiongeza upya. Mshale ukaanza kufuata kalamu. Sasa niacheni, mteja wa Mbagala anataka bango lake kesho asubuhi.