Kadi moja ya skrini, nyingine ya kurenda

Nachora nyumba kwa Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, hapa Kampala. Wateja wangu wengi wako Arua na Kasese, na kila mmoja anataka kuiona sebule yake kabla msingi haujachimbwa. Kadi yangu ya picha ni RTX 3060 ya GB 12, na nguvu inazo. Shida ilikuwa skrini, maana kadi hiyohiyo ndiyo iliyoiendesha. Nikianza kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha kamili, kishale cha mausi kinaruka-ruka, na mteja wangu Hajji akinitumia ujumbe "kijana, picha lini?" hata kumjibu ni taabu. Tena kadi ya skrini ikikwama zaidi ya sekunde 2, Windows huwasha upya draiva yake (programu inayoiendesha kadi), na Blender mara nyingi hufa nayo.

Nikatafuta kadi ndogo ya pili ya kuendesha skrini tu, GT 1030 ya GB 2 iliyotumika. Inakula wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, na UPS yangu haikulalamika. Kadi ya GT 710 ni ya bei rahisi zaidi lakini niliiacha, maana draiva za NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, baada ya toleo la 470 haziitambui, na mimi nataka draiva moja ibebe kadi zote mbili. Basi GT 1030 nikaichomeka kwenye sloti ya pili na kebo ya HDMI nikaihamishia huko.

Kazi haijaisha hapo. Ndani ya Blender nenda Edit, Preferences, System, chagua OptiX (njia ya kurenda kwa kadi za NVIDIA), kisha weka tiki kwenye 3060 peke yake. Usishawishike kutia zote mbili ukidhani utapata GB 14. Kumbukumbu za kadi hazijumlishwi. Mandhari yote hunakiliwa kwenye kila kadi, na ile ya GB 2 hujaa mapema sana.

Sasa narenda huku naandika ankara, skrini laini kabisa. Hasara ipo: unapozungusha modeli, anayeichora ni kadi iliyoshika skrini, kwa hiyo bustani yenye majani mengi inakuwa nzito. Mimi huyaficha majani hadi saa ya kurenda.

Kama prosesa yako ina michoro ya ndani, yaani inaweza kuendesha skrini yenyewe bila kadi, usinunue kitu. Iwashe kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), chomeka skrini nyuma ya bodi yenyewe. Ila prosesa nyingi za Intel zenye herufi F mwishoni hazinayo, kama yangu.